Sabuni Kwenye Tangi la Petroli

Gari lenyewe lilikuwa dogo hivi kwamba mume wangu akikaa ndani, ukimwangalia kwa nje, ulidhani amelivaa kama koti. Milango miwili, magurudumu kama vigoda vya jikoni, na taa mbili za mbele za duara, zenye sura ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Liliundwa Uingereza wakati mimi bado nipo darasa la tatu, na darasa la nne ndilo nililoishia, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka huku na huku. Mume wangu alitaka kulikimbiza gari hilo kwenye uwanja wa zamani wa ndege, maili moja iliyonyooka, apimwe mwendo, apewe karatasi. Hakupewa. Watu wetu hapa Toronto wanajua hakupewa, na wanajua ni kwa sababu ya sabuni, na wakisimulia wanacheka kidogo. Mimi nataka kueleza habari ya ile sabuni, maana inasimuliwa vibaya.

Nianzie kwa bibi Mzungu. Nilimhudumia miaka saba nyumbani kwake, huku North York, kumwogesha, kumpikia uji wake usio na sukari, kumkatia kucha. Alikuwa na paka wanne, na wote walinichukia. Mmoja alikuwa anakojoa ndani ya viatu vyangu vya theluji, vya mtu mwingine hapana, vyangu tu. Lakini bibi mwenyewe tulipatana. Mumewe alikufa zamani akaacha kigari hicho gerejini kimefunikwa shuka, na juu ya shuka makopo ya rangi. Nilipoacha kazi kwake, miguu yangu ilipokataa, bibi akasema mume wangu akimjengea uzio mpya, alichukue. Mume wangu alikuja kulitazama. Alifunua shuka, akarudi nyuma hatua moja. Nilidhani amechukizwa na kutu. Kumbe alipokuwa kijana, kabla hajanioa, alikuwa anaosha gari kama hilo hilo la mapadri, kule misheni, Shinyanga, na hakuwahi kuruhusiwa kuliendesha zaidi ya kulitoa kivulini kulipeleka kivulini.

Uzio aliujenga siku nne. Mpaka leo umesimama.

Sasa habari ya mbio. Mume wangu aliosha mabasi ya shule, yale ya njano, miaka kumi na minne. Mtu aliyeendesha lori la pamba la chama cha ushirika, na likifa njiani analifungua injini hapo hapo kwenye vumbi na kulifunga tena, huku alipewa mpira wa maji na brashi. Aliomba mara mbili ahamishiwe karakana. Mara zote mbili wakamuuliza, una cheti? Hakuwa na cheti. Hakuwa na cheti cha kitu chochote, hata ubatizo, maana kanisa lile liliungua na vitabu vyake. Leseni ya udereva alikuwa nayo, lakini alisema leseni haihesabiki, leseni wanapewa hata wezi.

Pale kwenye yadi ya mabasi palikuwa na dereva Mjamaika, mtu mzima, mpole, mwenye pikapu yake ya zamani anayoikimbiza kila mwaka. Huyo ndiye aliyempeleka mume wangu kutazama. Si mbio za kuzunguka na kupitana. Kila mtu anakwenda peke yake. Unasimama mwanzo wa njia ya ndege, unaruhusiwa, unakanyaga mpaka mwisho, na macho ya mashine yanakupima. Magari yamegawanywa kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo kidogo hakilinganishwi na lile jibaba. Ukimaliza unapita kwenye kibanda, dirishani unapewa karatasi ndogo kama risiti ya dukani. Ina jina lako, gari lako, mwendo wako.

Alirudi jioni ile na karatasi ya Mjamaika. Aliiazima anionyeshe. Akaiweka mezani, akailaza vizuri kwa viganja, maana ilikuwa inajikunja.

"Soma," akasema.

"Nimesoma."

"Hawakumwuliza shule aliyosoma," akasema. "Waliuliza gari liko wapi."

Basi, hapo nilijua nyumba imekwisha.

Tulikaa, na bado nakaa, kwenye nyumba ya mwanetu, Agincourt, sisi chini kwenye basimenti, yeye na mkewe na watoto juu. Mwanetu anafanya kazi ya kompyuta. Gereji ilikuwa ya gari lake, akalitoa likalale nje kwenye theluji ili kigari cha baba yake kipate pa kufunguliwa, na hakusema neno, ila kila asubuhi ya baridi alipokwangua barafu kwenye kioo alikuwa anakwangua kwa nguvu ili tumsikie.

Mwendo mume wangu alioutaka ulikuwa maili tisini kwa saa. Kwa injini ile ndogo hilo si jambo la kukanyaga tu. Kwanza ni uzito. Alitoa kiti cha nyuma, akatoa zulia, akatoa vitasa vya ndani akavibadilisha na kamba. Vioo vya pembeni akaweka plastiki ngumu. Kila kilichotoka nilikipima mimi kwenye mizani yetu ya bafuni, tuliyoiweka juu ya sanduku la mbao gerejini ili nisiiname, na namba nikaandika kwa chaki ukutani. Mizani ile haikurudi tena bafuni. Siku moja nilipanda mimi mwenyewe, kwa mchezo, akasoma namba, akaiangalia tena.

"Mama," akasema, "kwanza kabisa, wewe usipande gari hili."

"Na kitambi chako tunakitoa na spana gani?"

"Hicho cha mwisho. Hicho kinazuia upepo."

Halafu upepo. Mimi sikujua kama upepo ni adui mpaka nilipoolewa na mbio. Alishusha springi gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Kila mshono wa bodi, kila ufa, tuliziba kwa selotepu ngumu, na taa tukazifunika, na mdomo wa mbele tukauziba nusu ili hewa isiingie ndani kuvutavuta. Kabureta aliifungua mara nyingi hata nikaota naisafisha. Vyuma vya kizimba, vile vinavyomzunguka dereva asipondwe gari likipinduka, hivyo sheria inataka fundi mwenye cheti, kwa hiyo vilichomelewa na bwana mmoja Scarborough, na mume wangu alikaa kwenye kiti pembeni akimwangalia kama mkwe anavyoangaliwa. Mikanda ya kujifunga lazima iwe mipya, ina tarehe imeshonwa. Ovaroli lisiloshika moto. Helmeti. Tairi za mwendo ule. Ilichukua majira mawili ya baridi.

Na kulikuwa na jambo la kutoka. Sheria yao ni kwamba dereva akiwa amefungwa kila kitu, helmeti, glavu, mikanda mitano, akiambiwa toka, ajifungue mwenyewe na atoke nje kabla hesabu haijafika kumi na mbili, bila kusaidiwa. Kwa sababu ya moto. Mume wangu alikuwa na miaka sabini na sita na magoti ya mtu aliyelala chini ya malori. Tulifanya mazoezi nje ya gereji, mchana, majirani wote wanaona. Mimi nasema "toka" kisha nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka arobaini na moja, naye bado mguu mmoja umo ndani.

"Unahesabu haraka," akasema akiwa amejikunja nusu nje nusu ndani.

"Moto hauhesabu polepole, Baba."

"Moto haunifahamu. Wewe unanifahamu."

Jirani yetu, mama wa Kichina, alikuwa anasimama na kikapu chake cha mboga anatazama, na baada ya wiki mbili naye akajua kuhesabu mpaka ishirini kwa Kiswahili. Siku mume wangu alipotoka kabla sijafika kumi na mbili, mama yule alipiga makofi, na mume wangu akamwinamia, jasho linatiririka, helmeti kichwani. Kama kuna siku moja ningependa nirudishiwe, ni hiyo. Si ya harusi. Hiyo.

Jambo lililonitia hofu ni moyo. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Daktari alimweleza akamchorea, akasema unafanya kazi kama pampu iliyolegea. Mbio zile zinataka fomu ya daktari. Yule daktari alikaa na fomu muda mrefu, akazungusha kalamu, akasema atasaini kwa mwaka huu. Mwaka ujao, akasema, usiniletee. Mume wangu akasema asante, na kwenye basi la kurudi aliishika bahasha ile kifuani njia yote. Kwa hiyo wote tulijua. Ilikuwa Septemba ile au basi.

Niseme na langu, maana nimeahidi nafsi yangu nitasema yote. Mimi sikutaka aende. Niliziba kwa selotepu, nikapima mizigo, nikahesabu, lakini moyoni niliomba mvua. Niliomba kila Jumapili kanisani kwetu, Lawrence Heights, wenzangu wakiombea vibali na kazi na watoto, mimi naomba mvua Jumamosi ya mbio. Njia ikilowa hawaendi. Haikunyesha. Kulikucha kweupe kabisa.

Nirudi kwenye sabuni sasa, na hapa lazima nirudi mbali kidogo.

Kabla hatujapata watoto nilisafiri naye kwenye lori la pamba miaka mitatu. Watu walisema mwanamke gani huyu, lakini mimi nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye nyumba yake ina magurudumu, ningefanyaje. Tangi la petroli la lori lile lilikuwa linapasuka mshono kila mara, kwa mawe. Dawa yake ni sabuni ya mche. Unapangusa mahali panapovuja kwa kitambaa kikavu, unakwangua kutu, unakata kipande cha sabuni unakikanda kwa vidole mpaka kilainike kama ugali, kisha unakisukuma ndani ya mshono kwa dole gumba, mara tatu, unashuka nalo. Petroli haili sabuni. Itakaa wiki, itakaa mwezi. Mume wangu mwenyewe mikono yake ilikuwa mikubwa, haiingii vizuri pale juu ya ekseli, kwa hiyo kazi ya sabuni ilikuwa yangu. Nilikuwa nalala chini ya lori na kanga yangu na vumbi langu. Halafu mbele kuna kizuizi, kuna trafiki. Hapo unafuta kila kitu, unanyoosha nguo, unasema shikamoo afande. Humwambii trafiki tangi lilivuja. Nani anamwambia? Ukimwambia unalala hapo. Unafunika, unatabasamu, unapita. Hivyo ndivyo tulivyofika kila tulikofika.

Siku ya mbio Mjamaika alikuja na pikapu yake na treila, tukapakia kigari alfajiri, tukafika uwanjani kabla ya saa tatu. Uwanja mkubwa, nyasi zimeota kwenye nyufa za lami, na magari ya kila namna, mengine marefu kama mtumbwi, mengine ya kawaida kabisa. Watu wanakaribishana kahawa. Nilikuwa nimebeba maandazi ndoo nzima. Tulishusha kigari, na mume wangu na Mjamaika wakaenda hemani kuandikisha na kukabidhi ile fomu. Mimi nikabaki na gari. Lile gari tangi lake liko nyuma, ndani ya buti, upande wa kushoto. Niliposimama pale nikanusa petroli.

Nikafungua buti. Mshono wa chini ulikuwa unatoa jasho. Si kuvuja kwa kumwagika, ni tone, linajaa polepole, linadondoka, lingine linaanza. Ni treila ndiyo iliyolitikisa, barabara zile za mashambani. Tangi lile hatukulibadilisha. Tulilisafisha tu na kulipaka rangi, maana lilionekana zima.

Niliangalia hemani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti wanamwandikia, amevaa lile ovaroli jekundu, mkono mmoja kifuani, wala si kwa maumivu, ni namna yake. Nikafikiri, nikimwambia, atalala chini ya gari hapa hapa ashushe tangi, jua hili, moyo ule, na siku itaisha. Na mwakani hakuna. Mvua niliyoiomba ikanitoka kichwani kabisa. Sijui ilikwenda wapi. Nilichotaka saa ile ni apite.

Mkobani mwangu siku zote kuna kipande cha sabuni ya mche, kutoka duka la Waafrika, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa kunawa mikono huko vyooni. Nilikikata kwa kisu cha maandazi. Nikapangusa, nikakwangua, nikakanda, nikasukuma. Dole gumba mara tatu. Nikapanguza pembeni, nikaliacha buti wazi lipate hewa harufu iishe, nikasimama nikingoja dakika nyingi. Hakuna tone. Nilifurahi kama mtoto. Miaka hamsini, na mkono bado unajua. Nilifunga buti, nikanyoosha gauni langu, na mkaguzi alipokuja nikamkaribisha andazi.

Mkaguzi alikuwa mwanaume mnene mwenye kofia ya jua na tochi ndogo. Mpole. Alikula andazi akauliza lina nini ndani, nikamwambia iliki. Akakagua mikanda, akasoma tarehe. Akatikisa vyuma. Akamwambia mume wangu aingie, ajifunge, atoke, na mume wangu akatoka kwa hesabu ya kumi na moja, nilihesabu kimoyomoyo. Mkaguzi akasema vizuri sana, bwana. Halafu akafungua buti.

Akamulika. Akaingiza kidole. Akakinusa kidole.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mume wangu akainama akatazama. Pale kwenye mshono palikuwa na alama tatu za dole gumba dogo, zimeshuka moja chini ya nyingine. Ameziona alama hizo barabarani mara ngapi, hata yeye hajui. Hakugeuka kunitazama.

"Sabuni," akasema.

"Nani ameiweka?"

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi hii."

Mjamaika akafumba macho. Mkaguzi akazima tochi akakaa kwenye ukingo wa treila yetu, kama mtu aliyechoka ghafla. Kiingereza chake nilikielewa chote, na ndicho Kiingereza nilichokielewa vizuri kuliko kingine tangu nifike nchi hii.

"Bwana," akasema, "kuvuja si kosa. Magari yote haya yanavuja. Ungekuja ukaniambia linavuja, kule kwenye hema la kijani kuna watu wana matangi ya akiba, wangekufungia moja, saa sita ungekuwa kwenye foleni. Lakini umelifunika, ukaniita nikague. Sasa nikitazama hiyo mikanda na hivyo vyuma, najiuliza kitu gani kingine kimefunikwa. Siwezi kukuruhusu. Kwa ajili yako, siwezi."

"Naelewa," akasema mume wangu.

Nilifungua mdomo. Nataka muamini kwamba nilifungua. Mume wangu alinishika kifundo cha mkono, bila kunitazama, akakibana kidogo, kama alivyokuwa anafanya zamani kwenye kizuizi, maana yake nyamaza, mimi nazungumza. Nikanyamaza. Mara nyingi nimejiambia nilinyamaza kwa sababu alinibana. Lakini alinibana kidogo tu. Nilinyamaza kwa aibu. Wote wale walikuwa wanatutazama, na andazi langu lilikuwa mkononi mwa yule bwana, limebaki nusu.

Hatukuondoka mara moja. Mume wangu alitaka kumwona Mjamaika akikimbia. Tukakaa kwenye viti vya kukunja karibu na kigari chetu, amevaa ovaroli lake, na watu wakaja wakalisifu gari, wakapiga picha, wakauliza injini. Aliwajibu wote. Wakauliza anakwenda saa ngapi, akasema leo gari haliendi. Mjamaika alikwenda akarudi na karatasi yake, akaificha mfukoni. Mume wangu akamwambia, lete tuone, usinifanye mgonjwa. Akaisoma akampongeza.

Njiani tulikaa watatu mbele kwenye pikapu, mimi katikati. Kigari kinatufuata juu ya treila. Mjamaika alifungua redio kidogo akaizima. Tulipopita mashamba ya mahindi, mume wangu akasema kwa Kiswahili, akiangalia dirishani:

"Ilishika?"

"Ilishika."

"Hata kwenye kushushwa?"

"Niliiweka baada ya kushushwa. Haikutoa hata tone."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilijua," akasema. "Ule mkono wako."

Hakuna lingine alilosema juu ya jambo hilo, siku ile wala nyingine. Nilingoja agombe. Ningependa agombe.

Alisema tutaweka tangi jipya. Hakuliweka. Oktoba alifungua gereji mara moja, akamwaga petroli yote kwenye debe, akalifunika gari shuka, akarudi ndani kutazama taarifa ya habari. Baada ya hapo ngazi za basimenti zikaanza kumshinda. Alipumzika kwenye ngazi ya nne, kisha ya tatu. Februari akalazwa, na alikufa mchana, mwanetu amekwenda kulipia maegesho. Alikuwa ameniomba nimkune mgongo. Nikamkuna, nikafikiri amelala.

Kwenye matanga walijaa watu, wa kanisani, wa yadi ya mabasi, Mjamaika na mkewe. Ile basimenti haikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi zile zile. Na ilipofika saa ya kumkumbuka marehemu, mtu mmoja akasema, jamani, mnaikumbuka sabuni? Ikasimuliwa. Mzungu anamulika tochi, mzee wetu amepaka sabuni ya mche kwenye gari la mbio. Watu walicheka vile vicheko vya msibani, vinavyosaidia. Mwanetu naye alicheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Baba alikuwa mbishi. Nilimwambia anunue tangi jipya. Huyu baba angeweza kupita siku ile, ni ubishi wake tu." Mimi nilikuwa nagawa chai. Niligawa chai mpaka mwisho, vikombe vyote.

Kwa miezi mitatu, hadithi hiyo ikawa ndiyo yeye. Akitajwa tu, sabuni. Nami nikawa nanyamaza, na kila nikinyamaza naona kile kidole gumba changu, halafu naona mkono wake umenishika.

Mwezi wa tano mwanetu akasema gari liuzwe. Nilikubali. Litaoza pale, na yeye anataka gereji yake, ni haki yake. Akaja bwana mmoja wa makamo anayekusanya magari madogo ya zamani. Mwanetu aliniambia mapema, Mama, niachie mimi niongee, wewe sema tu lilikuwa la Baba na alilitunza. Nikasema sawa.

Tukaingia gerejini. Yule bwana alifunua shuka akatabasamu, kila mtu hutabasamu akiliona. Akapapasa vyuma. Akauliza limekaa muda gani. Mwanetu akasema liko zima, liko tayari, baba yangu hakubakiza kitu. Bwana akazunguka nyuma akashika kitasa cha buti.

"Tangi linavuja," nikasema.

Mwanetu akageuka. Bwana akaniacha niendelee, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Mshono wa chini, upande huu. Umezibwa kwa sabuni. Sasa halina petroli, huwezi kuona, lakini ukitia litavuja tu siku moja. Uweke jingine."

Akafungua, akachutama, akawasha taa ya simu yake. Sabuni ilikuwa imekauka, imegeuka rangi ya jino, lakini ilikuwepo yote, na alama zake. Akaigusa kwa heshima, nikaona.

"Nani alifanya hivi?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama fundi anavyouliza.

"Mimi," nikasema. "Mume wangu hakujua. Alikuwa hemani anaandikishwa. Nilipaka mimi."

Yule bwana alisema atalichukua hata hivyo, akatoka nje kumpigia mtu wake wa treila. Tukabaki wawili. Ukutani namba zangu za chaki bado zilikuwepo, kiti cha nyuma, zulia, vitasa, na ile siku niliyopanda mimi.

"Mama," mwanetu akasema. Akatafuta Kiswahili, maana yeye akizidiwa hukimbilia Kiingereza, lakini safari hii alitafuta. "Si Baba ndiye alisema ni yeye?"

"Ndiye alisema."

"Alijua ni wewe?"

"Alijua kabla mkaguzi hajamaliza kuuliza."

Akakaa. Akakaa pale palipokuwa karibu, juu ya ile mizani, juu ya sanduku, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, na sindano ya mizani ikazunguka ikatulia. Nje yule bwana alikuwa anaeleza kwenye simu namna ya kufika kwetu. Sikumwambia mwanangu ainuke.